Vidukari kwenye Mipaini ya Baba

Baba alihamia kwangu Mbeya baada ya mama kufariki. Alikuja na masanduku ya kanzu, redio, na imani kwamba nyumba isiyo na mwanamume ndani yake haijui hata kufunga mlango. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitambaa mjini Iringa, kwenye duka alilorithi kutoka kwa babu, na babu naye alipanda huko juu kutoka pwani kufuata biashara, akailalamikia baridi mpaka siku anazikwa. Kwa hiyo baba ni mtu wa Iringa kwa kuzaliwa, wa pwani kwa Kiswahili, na kwa ubishi ni wa popote.

Mimi ninashona nguo. Nina kibanda kando ya barabara na nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma, upande ule wa mji ambako mlima unaanza kupanda. Nilikuwa nimeachana na mume, nyumba ikabaki kwangu, jambo ambalo baba hakupenda lizungumzwe ila alilifaidi bila taabu. Miezi ya kwanza alikaa barazani akiwasalimia wapita njia kwa adabu ya mwenye duka. Hakuna aliyeingia kununua kitu. Alipochoka na barabara akahamia ndani, akaanza kukagua sufuria zangu. Siku niliyomkuta anazipanga upya chupa za viungo, akiniuliza kwa nini iliki nimeiweka mbali na mdalasini, nilijua mzee huyu lazima apate kazi.

Kazi alijitafutia mwenyewe. Alikwenda Iringa kumzika rafiki yake, na aliporudi, utingo alishusha kutoka kwenye buti la basi viroba vya miche ya paini.

Huku kwetu Nyanda za Juu kila mtu ana shamba la miti, au shemeji yake analo, au anadanganya kwamba analo. Ukipita Mafinga unaona mipaini mpaka macho yanachoka. Baba alikuwa ameiona tangu utotoni bila kuitamani. Sasa, miaka sabini na ushee, akaamua kuwa mtu wa mbao.

"Itavunwa lini?" nikamuuliza.

"Ikikua."

"Na inachukua miaka mingapi kukua?"

"Kwani wewe una safari?"

Aliipanda uwanjani kwangu nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mchicha na majani ya maboga. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia mti na mti iachane hatua za kutosha, lakini baba aliuona ushauri huo ni wa mtu asiyewahi kulipia pango. Dukani kwake majora ya vitambaa yalisimama bega kwa bega, na hakuna jora lililowahi kulalamika. Akaijaza miche toka ukuta wa jiko mpaka uzio wa jirani, akabakiza kinjia cha kupita yeye na ndoo.

Ikakubali. Siwezi kuisingizia miti ile, maji na baridi vilikuwepo, ikakua. Msimu wa mvua wa pili ukaikuta imenifikia kifuani, wa tatu ikanipita mimi, ikampita na baba pamoja na kofia yake. Kila alasiri, akishaswali, alikuwa anaingia kati yake na kutoka na sindano za paini mgongoni, amefurahi. Miti hiyo aliiita vijana. "Vijana wamekunywa maji?" aliniuliza siku moja mbele ya mteja wangu, na yule mama akaniuliza baadaye kwa huruma kama nina kaka wanaonitegemea.

Jirani yetu wa upande wa mlimani alikuwa mzee wa Kisafwa, mkulima wa viazi, mzee wa kanisa na mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya. Alikuwa na mizinga ya nyuki, ile ya masanduku, ameipanga kando ya uzio unaotutenganisha. Yeye na baba walikutana kwenye uzio ule kila jioni kugombana. Walikuwa na dini mbili, timu mbili za mpira, na maoni mawili juu ya kila jambo isipokuwa mimi. Juu yangu walikubaliana kwamba ninafanya kazi sana na nimekonda.

Basi ukaja mwaka ambao kiangazi kilikaza. Mipaini ikaanza kuumwa.

Mwanzoni ni mimi niliyegundua, kwa sababu nguo nilizoanika karibu nayo zilikuwa zinanata. Nilizifua tena, zikanata tena. Nikaangalia juu ya kamba nikaona matawi yamepakaa weusi, kama mtu aliyapitishia mkono wenye masizi. Sindano za ndani, zile zilizo karibu na shina, zilikuwa za njano, na ukiligusa tawi zinamwagika chini. Shinani kulikuwa na msafara wa sisimizi, wengine wanapanda wengine wanashuka, wote wana haraka kama watumishi wa serikali siku ya ugeni wa waziri.

Baba alitoa uamuzi siku hiyohiyo. Ule weusi ni masizi, na masizi yanatoka kwenye moshi ambao jirani anautumia kutulizia nyuki. Jirani alisikiliza kutoka upande wake wa uzio, akavuta kichwa ndani ya kofia ya sufu, akasema yeye anafukiza mara moja kwa msimu na moshi wake hauna nguvu ya kuchagua mipaini ya Mwislamu.

"Hii miti yako iko na mchwa," alisema. "Mchwa inakula mizizi, juu inakuwa njano. Chimba utaona."

Baba akachimba. Aling'oa mti mmoja mzima, akautikisa mizizi, akaikagua moja moja kwa miwani. Ilikuwa mizizi safi kabisa, haina jeraha wala udongo wa mchwa. Aliurudisha mti shimoni, na wiki iliyofuata ukakauka. Tukawa tumejua kwamba si mchwa, na kwamba mpaini haupendi kung'olewa kwa ajili ya uchunguzi.

Wakati huohuo, jirani alivuna asali ambayo haijawahi kuonekana mtaani kwetu. Miaka yote asali yake ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi kama mafuta ya gari yaliyotumika, nzito, na ilikuwa na ladha ya karameli na kitu cha msituni ambacho hakuna aliyeweza kukitaja. Watu wakaigombania. Wengine walisema ni dawa ya kifua, wengine ya tumbo, na mzee mmoja wa kwaya alisema ni dawa ya kitu kingine, akacheka peke yake. Mchungaji aliweka chupa ofisini. Sheikh wa msikiti wetu alituma mtu. Jirani alituletea sisi chupa kubwa bila kuombwa, na baba, ambaye hajawahi kukiri kwamba jirani anaweza kitu, aliipaka kwenye mkate asubuhi na jioni na kusema asali ndiyo hii.

Mimi nilikuwa naendelea na nguo zangu zinazonata. Jumapili moja nikavaa miwani ninayotungia sindano, nikavuta tawi karibu na uso. Ndipo nikawaona. Walikuwa wadudu wembamba, wa rangi ya kijivu cha kijani, wamejipanga juu ya sindano ya paini mmoja nyuma ya mwingine kama malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma. Nilipogusa, foleni yote ikakimbilia upande wa chini wa sindano, wakatulia huko wakidhani siwaoni.

Nilimwita baba. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Wanafanya nini?"

"Nadhani wanakula."

"Wanakula mbao zangu," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Alikwenda Mbalizi sokoni akarudi na chupa ya dawa iliyochorwa mende amelala chali. Ilikuwa dawa ya nyanya. Nilimwambia sisi hatuna nyanya. Akaniambia mdudu hasomi lebo. Lebo ilisema kifuniko kimoja kwa bomba zima la maji, lakini baba aliona kipimo hicho kimeandikwa na mtu anayetaka urudi dukani, akaongeza kwa jicho. Kisha, juani mchana, upepo ukivuma kutoka mlimani, akavaa helmeti ya pikipiki, akajifunga leso yangu mdomoni, akaingia katikati ya mipaini yake na kupuliza kuelekea upepo unakotoka.

Nilikuwa kibandani. Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jiko, macho yamevimba, kanzu imelowa, anasema kichwa kinapiga ngoma. Nilimvua kanzu, nikammwagia ndoo baada ya ndoo, akinilaumu kwamba maji ni ya baridi, kisha nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, alimpima na kumwandikia.

"Babu, ulikuwa unapulizia nini?"

"Wadudu."

"Wamekufa?"

"Inshallah."

"Wewe umebaki kidogo utangulie," muuguzi alisema, akamwonyesha kitanda.

Alipata nafuu, Mungu mkubwa. Lakini kesho yake asubuhi, nilipotoka kuchota maji, jirani alikuwa amesimama kwenye uzio bila kofia. Mbele ya mizinga yake ardhi ilikuwa imefunikwa na nyuki. Wengine walikuwa bado wanajizungusha mgongoni. Wengi walikuwa wameshatulia.

Baba alitoka na blanketi mabegani, macho bado mekundu.

"Mzee mwenzangu," jirani alisema, "nyuki zangu zimekufa."

"Wamekufa," baba akamsahihisha. Alifanya hivyo bila kufikiri, jinsi mtu anavyopiga chafya. "Nyuki ni viumbe hai."

Jirani alitazama chini.

"Hizi siyo hai," alisema, akaondoka.

Nimeona ugomvi mwingi, wangu na wa watu, lakini sijawahi kuona nyumba ikinyamaza kama ilivyonyamaza yetu baada ya hapo. Jirani hakupiga kelele wala hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliacha tu kuja kwenye uzio. Baba kila jioni alikuwa anatoka, anajifanya anakagua miti, anakohoa kwa sauti, anasubiri mtu ampinge. Hakuna aliyempinga. Akaanza kugombana na mimi kuhusu mpira, na mimi sijui mpira. Usiku nilimsikia akisahihisha Kiswahili cha watangazaji wa redio.

Nilimwambia aende akaombe msamaha. Akasema alishakwenda moyoni.

Na kama vile haitoshi, wadudu wakarudi. Kwa wiki chache matawi yalikuwa matupu na baba akatembea kama mshindi, kisha foleni ikaanza tena, ndefu kuliko mwanzo, kwenye kila sindano, mpaka zile changa za juu. Weusi ukashuka hadi kwenye bati la jiko. Baba alitaka kurudi Mbalizi akanunue dawa kali zaidi. Nilificha helmeti.

Mwezi ule nilikuwa na harusi ya mtoto wa binamu yangu Iringa. Nilikata tawi, nikalitia kwenye ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa, nikatoboa mfuniko, nikapanda nayo basi. Tuliposimama Igawa, kila mtu akachungulia dirishani kununua vitunguu, abiria wa pembeni yangu akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia wagonjwa. Akahamia siti ya nyuma, na mimi nikanyoosha miguu mpaka Iringa.

Binamu yangu alikuwa anamfahamu bibi miti mmoja, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea misitu na anayefanya kazi hiyohiyo ya kuzunguka kwenye mashamba ya miti ya watu. Alinipokea kibarazani kwake, anatafuna karanga, shingoni amening'iniza kioo kidogo cha kukuzia. Hakufungua ndoo mara moja. Aliuliza maswali kwanza, na niseme ukweli, hakuna daktari aliyewahi kuniuliza mengi hivyo.

"Unjano ulianzia wapi, nchani au ndani?"

"Ndani. Karibu na shina."

"Sindano za zamani, basi. Shinani kuna unga wa mbao? Vitobo?"

"Hapana. Mizizi nayo ni mizima. Baba aliing'oa akaitazama."

Aliacha kutafuna. "Aliing'oa?"

"Mmoja tu."

"Haya. Kuna kitu cheupe kama pamba kwenye maungio ya sindano?"

"Hakuna. Kuna weusi, na kunata, na sisimizi."

Hapo ndipo alipofungua ndoo. Alishika sindano, akaiweka chini ya kioo, akatabasamu kama amekutana na mtu wa kwao. Akanipa na mimi nitazame. Kwa ukubwa ule walikuwa na miguu mirefu na mdomo kama bomba la sindano, wameuchoma ndani ya jani na wametulia.

"Vidukari," alisema. "Wale wa pamba nyeupe ni ndugu zao. Hawa wananyonya utomvu. Sasa utomvu una sukari nyingi kuliko wanayohitaji, kwa hiyo inayozidi wanaitoa nyuma."

"Wanakunya."

"Kwa lugha ya nyumbani, ndiyo. Kinyesi chao ni sukari. Ndiyo kinachonata kwenye nguo zako. Ule weusi ni ukungu unaoota juu ya hiyo sukari. Sisimizi wanapanda kuifuata, na wanawalinda vidukari wasiliwe, kama wewe unavyomlinda ng'ombe unayemkamua. Nyigu nao wanakuja, na kama jirani kuna mizinga, nyuki pia. Kiangazi maua yakipungua, nyuki wanaizoa hiyo wanaipeleka mzingani. Inatoka asali nyeusi, nzito. Watu wanaipenda sana."

Nilikuwa nafikiria mkate wa baba, wa asubuhi na wa jioni. Nilifikiria ofisi ya mchungaji.

"Ni salama?" niliuliza.

"Salama kabisa. Ila ukiwaambia inakotoka, wengine hawatamaliza chupa."

Akanieleza makosa yetu, bila kutusema vibaya sana. Miti imebanana, haipati hewa, inagombea maji, na mti wenye kiu ndio vidukari wanaoupenda. Sumu ya nyanya iliua waliokuwa wanawala vidukari kabla ya kuwamaliza vidukari wenyewe, kwa hiyo waliobaki walizaana bila adui. Akatoa simu akanionyesha picha ya mdudu mwekundu wa duara mwenye madoa meusi, ambaye kila mtoto amewahi kumtembeza mkononi, na picha ya mtoto wa mdudu huyo, ambaye hafanani naye hata kidogo. Ni mweusi, mrefu, ana magamba kama mamba.

Nilimfahamu. Baba alikuwa amewaponda mamba hao kwa kidole gumba tangu mwezi wa nane, akisema hawa ndio wazazi wa uovu.

Tiba ilikuwa ya kawaida mpaka nikaona aibu kwa nauli. Kata miti mingine ili inayobaki iachane. Matawi yaliyozidiwa yakate uyachome. Maji kwa nguvu ya mpira asubuhi mapema kabla nyuki hawajatoka, yanawaangusha vidukari, na wengi hawajui kurudi. Walio wabishi wape maji yenye sabuni kidogo. Shinani zungusha kitambaa chenye grisi ili sisimizi wasipande. Mwagilia miguuni kiangazi. Halafu vuta subira, wale mamba watakuja wenyewe.

Niliporudi nilimwita jirani aje kwangu kunywa chai. Alikuja kwa sababu nilimwita mimi. Akakaa upande mmoja wa meza, baba upande mwingine, katikati chupa ya mwisho ya asali nyeusi, ambayo baba alikuwa anaitumia kwa kijiko kidogo ili isiishe. Nikawasimulia kila kitu. Nilipofika kwenye sukari inayotoka nyuma, nilitafuta neno la heshima, nikalikosa, nikatumia lile nililotumia Iringa.

Baba aliweka kijiko chini.

"Nimefuturu nayo," alisema taratibu.

Jirani alikuwa anaitazama chupa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda ilianza kama kilio, kwa nyuki wake. Lakini alikuwa anacheka, kicheko cha sauti ya nne, kinachotokea chini kabisa.

"Mchungaji," alisema alipopata pumzi, "mchungaji ananipigia simu juzi anataka ingine."

Baba alijikaza. Kisha naye akashindwa. Walicheka mpaka baba akatoa leso kufuta macho, na akiwa bado anayafuta, uso umefichwa nyuma ya leso, akasema, "Nisamehe ndugu yangu. Wale nyuki. Sikujua kama wanakuja kwangu."

"Mimi pia sikujua," jirani alisema. "Nilisema wanaenda kwenye parachichi."

Kesho yake baba alikwenda kwa sheikh kuuliza hukumu ya kitu hicho, maana hakulala vizuri. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, akamkumbusha kwamba asali yoyote ile inapitia tumboni mwa mdudu, na hii imepitia wawili tu. Halafu akamuuliza kama jirani amebakiwa na chupa.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Jirani, mizinga yake ikiwa imeanza kujaa tena, hakutaka tena mipaini ipone. Alikuja kwenye uzio jioni na kofia yake ya sufu, akatoa hoja kwamba miti haifi haraka, kwamba ukisikiliza vizuri vidukari nao ni viumbe, na kwamba watu wanasubiri asali. Baba akajibu kwamba yeye anafuga mbao, hafugi chawa. Wakagombana mpaka giza likaingia. Niliwasikia kutoka jikoni nikashukuru.

Walikubaliana hivi. Safu zilizo karibu na nyumba zitibiwe. Safu ya uzioni iachwe kama ilivyo, kwa ajili ya nyuki. Na miti ya kupunguza isikatwe yote mara moja, bali michache mizuri isubiri Desemba, kwa sababu kanisa la jirani kila Krismasi linahangaika kutafuta mti.

Baba alitibu kwa mpira wa maji, asubuhi na mapema, amevaa makoti mawili. Alipiga kila tawi kwa hasira iliyopangika. Sabuni aliitia kwa kipimo, kifuniko kwa kifuniko, mimi nikimsimamia. Alivisha mashina vitambaa vilivyopakwa grisi, mabaki ya kanga kutoka kibandani kwangu, na wateja walipochungulia uwanjani walikuta msitu umefungwa viuno. Sisimizi walifika kwenye grisi, wakasimama, wakajadiliana, wakarudi. Mvua ilipoanza, sindano mpya zikatoka za kijani kibichi, na siku moja baba aliniita nikamkuta amepiga magoti mbele ya tawi, anamtazama mamba mmoja mdogo akila vidukari kama mtu anayekula karanga. Hakumponda. Alimwambia bismillahi.

Vidukari wa uzioni nao hawakudumu. Mamba hawakuheshimu makubaliano. Walimaliza upande wetu wakahamia kwenye safu ya nyuki, na mavuno yaliyofuata asali ya jirani ikarudi rangi ya chai ya maziwa. Wateja walimjia juu kwamba ameanza kuchanganya sukari. Mchungaji alimwita faragha akamuuliza kama ana shida yoyote nyumbani.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Krismasi. Jirani alichagua mti mwenyewe, mnene, wenye umbo zuri, kutoka safu yake ya uzioni, ambayo wakati huo mamba walikuwa bado hawajaifikia. Sisi hatukukumbuka. Vijana wa kanisa waliukata jioni ya kuamkia sikukuu wakaubeba, na asubuhi baba alialikwa rasmi kama mfadhili. Alivaa kanzu ya harusi na kofia ya darizi. Tulikaa benchi la nyuma. Mchungaji akamtaja mzee wetu Mwislamu aliyetutolea mti huu mzuri, watu wakapiga makofi, baba akainua mkono kidogo kama mwanasiasa mwenye aibu.

Mti ulikuwa umesimama mbele, umepambwa kwa taa na karatasi za kung'aa, matawi yake yametanda juu ya safu ya sauti ya nne. Kanisa lilikuwa limejaa na joto lilikuwa linapanda. Kwenye wimbo wa pili nilimwona jirani akipitisha kidole ndani ya kola. Halafu mwenzake wa pembeni akajikung'uta bega. Majoho ya kwaya yalikuwa meupe, na hata kutoka nyuma tuliko niliweza kuona vitu vidogo vya kijivu vikitembea juu yake bila mpangilio.

"Wamepata joto," baba aliniambia kwa sauti ya chini.

Walimaliza wimbo, siwezi kuwanyima sifa hiyo. Sauti ya nne iliimba mpaka ubeti wa mwisho, mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine unajipangusa. Mchungaji alipofungua Biblia, jirani alishuka taratibu, akamkonyeza baba, na wazee wawili wakaubeba mti pamoja na taa zake kupitia mlango wa pembeni. Nikawafuata. Walikuwa wameuegemeza kwenye tenki la maji, baba amekunja mikono ya kanzu, anamimina maji ya kopo juu ya matawi, jirani anaomba sabuni kwa akina mama wa jikoni. Ndani mahubiri yalikuwa yameanza.

"Zinaanguka," jirani alisema, akiangalia chini.

"Wanaanguka," alisema baba, akampa kopo ashike.